Viungo vya Kikajuni Tusage Wenyewe

Huenda wengi wakacheka kumwona mwanafunzi wa zamani, tena mwanamume mwenye mvi, akishika kalamu kuandika habari za jikoni katika gazeti la shule. Wacheke tu. Mwaka jana kaka yangu mkubwa, ambaye naye alisoma hapa hapa kabla yangu, alilazwa hospitali siku 9 kwa shinikizo la damu, na mimi nasema kwamba kisa chake, kwa sehemu kubwa, kilitoka katika kopo dogo lililokaa mezani kwake.

Kopo hilo, lililoandikwa "Cajun", aliletewa na mwanawe kutoka Marekani. Daktari alikuwa amekwisha kumwonya apunguze chumvi, naye akatii, kidau cha chumvi kikaondolewa mezani. Lakini kila kilichowekwa mbele yake, kiwe matoke, samaki, mayai au hata parachichi, alikinyunyizia ule unga mwekundu, akisema hii si chumvi bwana, hivi ni viungo. Nilipotoka kumtazama hospitalini nililichukua kopo nikalisoma ubavuni. Neno la kwanza katika orodha ya vilivyomo lilikuwa chumvi. Sheria ya Marekani, kama ya nchi nyingine nyingi, yataka vitu hivyo vitajwe kwa kufuata uzito wake, kilicho kingi kikitangulia. Kumbe siku zote hizo kaka alikuwa akila chumvi iliyotiwa rangi!

Basi neno langu kwa wasomaji ni hili. Unga wa Kikajuni ni kitu kizuri, nami naupenda kuliko watu wengi wa nchi hii, lakini usagwe nyumbani, kidogo kidogo, na chumvi ikae mbali nao.

Nauliza, wangapi kati yetu wanaowajua wenye jina hilo? Wakajuni ni wazao wa Wafaransa walioishi Acadie, nchi ambayo leo ni sehemu ya Nova Scotia na New Brunswick katika Kanada. Waingereza walipoitawala waliwataka waape kiapo cha utii kisicho na masharti. Wao wakakataa. Kuanzia mwaka 1755 walikamatwa, wakapakiwa merikebuni na kutawanywa. Zaidi ya 10,000 waliondolewa katika miaka ile, jamaa zikatenganishwa, wengi wakafa kwa maradhi na kwa kuzama. Waliosalia walianza kufika Louisiana kwa makundi mwaka 1764 na 1765, na mwaka 1785 merikebu 7 zikawaleta wengine kama 1,600 kutoka Ufaransa. Walikaa penye vinamasi na mito isiyokwenda kasi, wakavua, wakafuga, wakalima. Neno Acadien, katika vinywa vya watu, likawa Cadien, na Waingereza wakalitamka Cajun.

Watu hao hawakuja na unga mwekundu mifukoni. Waliujifunzia upishi wao mahali walipofikia. Waindio Wachoctaw walikuwa wakisaga majani ya mti uitwao sasafrasi, ambayo hadi leo huzidisha uzito wa mchuzi. Pilipili kali ni mmea wa bara hilo hilo la Amerika. Waafrika walikuwa wamekwisha kuletwa huko kwa nguvu tangu mwaka 1719, na mikono yao imo katika kila chungu cha Louisiana. Mchuzi mashuhuri kuliko yote ya huko huitwa gumbo, na wataalamu wengi wa lugha husema neno hilo limetoka katika lugha za Kibantu za upande wa Angola, ambako kingombo maana yake ni bamia. Kwa hiyo kijana atakayeniambia kwamba habari hizi hazituhusu sisi, na atamke neno hilo polepole, asikilize sauti yake mwenyewe.

Mimi nilikaa Lafayette, katika nchi ya Wakajuni yenyewe, tangu 1984 mpaka 1986, nikisoma. Nilipanga chumba kwa mjane mmoja mzee. Nilimwita Mama, naye akaniita "cher", yaani mpenzi, kama watu wa huko wanavyomwita kila mtu hata mwuza petroli. Mama yule alikuwa na chupa yake ya unga, naye aliusaga Jumamosi kwa ajili ya juma moja au mawili, haukupita hapo. Ndani yake hamkuwa na chumvi hata punje. Nilipomwuliza sababu alinitazama kama mtu asiye na akili timamu. Soseji ya kukaushwa kwa moshi iliyokwenda chunguni, ile iitwayo andouille, ilikuwa na chumvi tayari; nyama yake ya nguruwe ya moshi nayo ilikuwa na chumvi; sasa mpishi atawezaje kujua kiasi cha pilipili anachotaka, ikiwa kila akiongeza pilipili anaongeza na chumvi?

Jibu hilo ni fupi, lakini sijapata kusikia lingine bora. Chumvi na pilipili zikikaa chupa moja, mpishi amefungwa mkono mmoja.

Kuna jambo jingine alilonieleza, nami nitalisema hapa ingawa lanitoa jikoni kidogo. Katiba ya Louisiana ya mwaka 1921 iliamuru kwamba masomo katika shule za serikali yawe kwa Kiingereza. Yeye alikwenda shule akiwa hajui ila Kifaransa cha kwao. Aliposikiwa akiomba ruhusa kwa lugha hiyo alipewa adhabu ya kuandika mara nyingi kwamba hatasema Kifaransa tena katika kiwanja cha shule. Wenzangu wa miaka yetu watakumbuka kile kibao kilichopita shingo hata shingo, akivalishwa yule aliyesikiwa akinena lugha ya kwao, na jinsi tulivyoviziana ili kumpata wa kumpokeza kabla ya kengele ya jioni. Nilimweleza Mama habari ya kibao. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka mpaka machozi, akaniongezea wali.

Siku zile kuitwa Mkajuni kulikuwa karibu na kutukanwa. Mwaka 1968 bunge la jimbo lile likaunda baraza la kukuza Kifaransa, na baadaye mambo yakageuka. Mpishi Paul Prudhomme, aliyezaliwa mwaka 1940 upande wa Opelousas, mtoto wa mwisho katika nyumba ya watoto 13, alifungua mkahawa New Orleans mwaka 1979 pamoja na mkewe Kay. Yeye ndiye aliyewapa watu samaki aliyechovywa katika siagi, akapakwa viungo, akatupwa katika kikaango cha chuma chenye moto mkali mpaka nje akawa mweusi. Marekani nzima ikamtaka samaki huyo. Katika miaka ile ile ya 1980 samaki wa aina hiyo walivuliwa mno hata serikali ikalazimika kuufunga uvuvi wao wa biashara katika sehemu kubwa ya Ghuba ya Meksiko. Sisi tunaokaa kando ya Nyanza tunaijua hadithi ya namna hiyo.

Ndipo kila mahali jina la Kikajuni likabandikwa juu ya makopo. Simlaumu Prudhomme, alikuwa mpishi hodari, naye alijua anachokisaga. Nalaumu mazoea yetu ya kufikiri kwamba jina likiwa kwenye kopo basi upishi nao umo humo. Wazee wengi wa Lafayette walipika maisha yao yote kwa chumvi, pilipili manga na pilipili nyekundu tu, pamoja na kitunguu, seleri na pilipili hoho vilivyokatwa vidogo vidogo. Hakuna sheria moja iliyoandikwa. Atakayekuambia kwamba vipimo vyake ndivyo vya kweli na vya wengine ni vya uongo, anauza kitu.

Vipimo vyangu mimi ni hivi, vilivyo karibu na vya yule Mama. Vijiko 3 vya chakula vya paprika, ambayo ni unga wa hoho nyekundu zisizowasha. Vijiko 2 vya unga wa kitunguu saumu, kimoja cha unga wa kitunguu maji, kimoja cha pilipili manga, na nusu kijiko cha pilipili nyeupe. Hiyo nyeupe si mmea mwingine, ni manga ile ile iliyoiva na kuvuliwa ganda. Kisha kijiko kimoja cha majani makavu ya thaimu na kimoja cha oregano. Pilipili kali nyekundu, anza na kijiko kimoja cha chai. Pilipili zetu ndogo zile za kichaa ni kali kupita kayeni ya Marekani, na wengi wameumia kwa kufuata kipimo cha kitabu.

Karibu vyote hivi hupatikana soko la Nakasero, na mtu asiye na nafasi anunue unga uliokwisha kusagwa, kila kimoja mbali, auchanganye. Lakini mwenye kutaka kitu chenyewe na aanze na jua. Hoho zikatwe nyembamba, mbegu zitolewe, zitandazwe juu ya ungo na kufunikwa chandarua. Kilo nzima haitatoa unga wa kuzidi gramu 100, kwa kuwa hoho karibu yote ni maji, hivyo usikate tamaa ukiona rundo limenywea. Kitunguu saumu nacho kikatwe kama karatasi. Kipimo cha ukavu ni sauti. Kipande kikikunjwa kivunjike kwa mlio. Kikipinda bila kuvunjika bado kina maji, na ukikisaga hivyo baada ya siku chache utakuta kuvu katika chupa na kazi yako yote itatupwa. Majira ya mvua usijisumbue na jua, tumia tanuri lenye moto mdogo kabisa, mlango ukiwa wazi kidogo.

Saga katika kinu, pilipili kali iwe ya mwisho, na ufunge kitambaa puani. Mikono ukiinawa kwa maji matupu utajutia utakapojikuna jicho, kwa sababu ukali wa pilipili hauyeyuki katika maji bali katika mafuta. Pakaa mafuta kwanza, ndipo sabuni. Kwa sababu hiyo hiyo aliyeungua ulimi apewe maziwa. Unga uwekwe katika chupa yenye kifuniko cha kukaza, ndani ya kabati, kwa kuwa mwanga huifukuza rangi ya hoho na hewa huiba harufu ya manga.

Chumvi utaitia chunguni kwa mkono wako, ukijua ni kiasi gani. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, nacho ni pamoja na iliyomo katika mkate na katika kila kitu kingine. Mtu awezaje kuihesabu ikiwa imejificha katika kitu kiitwacho viungo?

Najua mwanafunzi wa bweni atasema: sisi hatuna kinu wala kikaango, tuna maharagwe na posho, na kopo husaidia posho kushuka. Hilo ni kweli, nami sijasahau maharagwe yale. Lakini shule ina bustani, na hoho na thaimu hazihitaji shamba kubwa. Bweni moja likikausha na kusaga muhula huu, gharama yake haitafika bei ya makopo mawili, na maharagwe yakitiwa kijiko cha unga huo pamoja na kitunguu kilichokaangwa hayatambulikani. Pengine klabu ya sayansi ingepima pia ni gramu ngapi za chumvi zimo katika kopo la dukani, matokeo yabandikwe mlangoni mwa bwalo.

Kaka ametoka hospitali na hupimwa kila mwezi. Mwanzoni alilalamika kwamba samaki wangu hana ladha. Majuma matatu ya kwanza yalikuwa magumu, kisha ulimi wake ukazoea. Jumapili iliyopita nilimkaangia sangara nje ya nyumba, maana moshi wa kikaango kile haustahimiliki ndani, akamla mpaka mwiba. Kopo la mwanawe bado li nusu. Amewekea misumari humo.