Charles Hakudanganywa

Juzi pale Katoro tulikuwa tunamjadili Charles wa Rosa Mistika. Kijana mmoja akamtetea kwa neno moja: "Alidanganywa." Wengi wakatikisa kichwa kukubali. Mimi nilikataa, na bado nakataa.

Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Hadi leo tunaisoma kama kesi ya Zakaria, baba mkali na mlevi wa Ukerewe aliyemharibu binti kwa malezi. Sawa, Zakaria ana hatia. Lakini lawama zote zikimwishia yeye, Charles anaondoka msafi. Kamchumbia Rosa, kagundua si bikira, kamwacha. Rosa kajiua.

Jiulize: kati ya siku ile na siku iliyotangulia, Rosa alibadilika nini? Hakubadilika chochote. Kilichobadilika ni alichokijua Charles. Basi alichopoteza si Rosa, ni fahari ya kuwa wa kwanza. Anayempenda mtu huumia, huuliza, hata hugomba. Charles alifanya kama broka wa dhahabu: kapima, kaona haifiki, karudisha.

"Zama zile," mtasema. Zama zipi? Rafiki yangu alikuwa mama lishe machimboni huku Geita kwa miaka miwili. Akachumbiwa, na ng'ombe wakakubaliwa kwao Shinyanga. Mchumba aliposikia alikopikia, akavunja: "Siwezi kuoa mwanamke wa machimboni." Yeye mwenyewe alikuwa mchimbaji! Wali wa akina mama wale alikula kwa mkopo, akisubiri duara litoe. Hakuna aliyemuuliza usiku wake alilala wapi. Hakuogopa aliyoyafanya rafiki yangu; aliogopa wenzake watasema nini.

Mtasema tena: Rosa angemwambia mapema. Amwambie ili iweje? Ukweli wa msichana hulipiwa. Wa mvulana husimuliwa kijiweni watu wakacheka. Aliyeandaa adhabu kabla ya jibu asilalamike kwamba hakuambiwa.

Rafiki yangu yupo, anauza mchele, na ng'ombe wale hawaulizii. Rosa hakupata nafasi hiyo. Kwa hiyo, mwalimu, ukifika kwa Charles, usiwaulize wanafunzi Rosa alikosea wapi. Waulize Charles alimwogopa nani.