CHAKI YA SIKU HIZI INUNULIWE NA NANI?



Katika mkutano wa tawi letu mwezi uliopita, ndugu mmoja wa gangi ya njia ya reli alisimama akauliza swali, na mkutano mzima ukanyamaza. Binti yake yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu. Ni mtoto wa bidii, hakosi darasa. Lakini mtihani mdogo ulitangazwa katika kikundi cha WhatsApp saa nne usiku, nao ulitakiwa urudishwe kabla ya saa sita. Usiku ule simu yake haikuwa na bando. Asubuhi alipoazima kwa mwenzake, mtihani ulikuwa umekwisha kufungwa, naye akaandikiwa sifuri. Ndugu yetu akauliza: "Je, mtoto wangu ameshindwa na masomo, au mimi baba yake ndimi niliyeshindwa na bando?"

Swali hili si la mtu mmoja. Wengi wetu tuliishia darasa la nane katika shule za misheni, nasi twajinyima ili watoto wetu wapite pale tulipokomea. Tena wako wenzetu wanaosoma vyuoni wenyewe baada ya zamu. Kwa hiyo chama chetu hakiwezi kukaa kimya.

Kwanza tuseme wazi, tusije tukadhaniwa kuwa watu wa kukataa mambo mapya. Hatukatai WhatsApp, wala Facebook, wala YouTube katika masomo. Mwenzetu aliye zamu mbali na mji aweza kuisikiliza sauti ya mwalimu wake mara tatu, mara nne, hata aelewe. Kijana mwenye haya, ambaye hawezi kuinua mkono mbele ya watu mia tatu, aweza kuandika swali lake. Picha ya mashine inayozunguka yafundisha kuliko maneno mengi ya ubaoni. Haya yote ni mema.

Wala kufundisha watu walio mbali si jambo geni Kenya. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, pale Kikuyu, chuo kikuu kilikuwa kikifundisha watu kwa posta, na masomo mengine yakasikika katika redio, Sauti ya Kenya. Walimu wengi wa shule za msingi walijiendeleza kwa njia hiyo bila kuacha kazi. Lakini angalia, ndugu, jinsi ilivyokuwa. Kijitabu kilikwenda, mwanafunzi akajibu kwa mkono wake, jibu likasahihishwa, kisha likarudi kwake. Somo lilikwenda na kurudi.

Sisi watu wa reli twalijua jambo hili barabara. Ujumbe wa kuruhusu gari kuingia njia hausemwi mara moja ukaachwa. Anayeupokea huurudia neno kwa neno, na aliyeutoa husikiliza kama umerudiwa sawasawa. Usiporudiwa, gari haliondoki. Twafanya hivyo kwa sababu kusikia si kuelewa, na kosa la neno moja laweza kuua watu. Basi tumeshangaa kusikia kwamba wako walimu wanaotupa kurasa sitini katika kikundi, wakaona zile alama mbili za buluu, wakasema, "Nimefundisha." Alama za buluu zaonyesha kwamba ujumbe umefunguliwa. Hazionyeshi kwamba umeeleweka. Kama mwalimu hasikii jibu la mwanafunzi, hapo hakuna darasa.

Sasa tuje kwenye gharama, maana hapa ndipo kiatu kinapobana. Katika shule zetu za misheni hatukuwa na vitu vingi, lakini chaki ilitoka ofisini kwa mwalimu mkuu. Hakuna siku mwalimu alisema, "Asiye na chaki yake leo hatasoma." Na kazini ni vivyo hivyo. Gadi hanunui taa wala bendera kwa mshahara wake. Fundi wa karakana haji na spana kutoka nyumbani. Kifaa cha kazi hutolewa na mwenye kazi. Haki hiyo haikushuka kutoka mbinguni, ilidaiwa.

Leo chaki ni bando, na ubao ni simu. Chuo kikiamua kwamba somo liko ndani ya simu, basi kimemwongezea mzazi karo isiyoandikwa katika risiti yoyote. Maandishi hula bando kidogo, sauti hula zaidi, na picha za video hula kupita zote. Wala bando si bando tupu. Tangu mwaka 2018 Serikali hutoza ushuru juu ya data za intaneti. Ulianza kwa asilimia 15, mwaka 2021 ukapandishwa hadi 20, na mwaka 2023 ukarudishwa 15. Juu ya hayo iko VAT. Kwa hiyo mtoto wa mfanyakazi hulipa kodi kila anapofungua kitabu chake.

Tuliyaona matokeo yake mwaka 2020. Vyuo vilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, vijana walirudi nyumbani wakaambiwa wasome kwa simu. Mwenye simu nzuri na bando aliendelea. Mwingine alipanda kilima kutafuta mtandao, na mwingine aliacha kabisa. Lakini mwaka ule ule, huko Afrika Kusini, wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma vingi walipewa gigabaiti 30 kwa mwezi, 10 za mchana na 20 za usiku, ili wasome. Basi isisemwe kwamba haiwezekani.

Watu watatujibu: "Kila kijana ana simu, na bando ya kuchezea haimkosi." Jibu letu ni jepesi. Hata sisi tuna makoti nyumbani, lakini koti la kung'aa la kazini hutolewa na mwajiri. Anachonunua mtu kwa furaha yake ni chake. Anachoamriwa kuwa nacho, asipokuwa nacho apate sifuri, hicho ni kifaa cha kazi.

Tena tusiwasahau walimu wenyewe, maana nao ni wafanyakazi kama sisi. Mwanafunzi auliza swali saa tano usiku, mwingine auliza Jumapili asubuhi, na mwalimu asipojibu anaitwa mvivu. Wako walimu wa muda ambao hulipwa kwa saa walizosimama darasani tu. Saa za kujibu simu hazihesabiwi, na bando ni yao. Sisi tuliopigania ovataimu twajua jina la kazi isiyolipwa. Jambo hili ndugu zetu wa chama cha wahadhiri, UASU, wanalijua kuliko sisi, nasi tungependa kusimama pamoja nao.

Na liko neno moja la mwisho, hasa kwa wazazi wa mabinti. Ndani ya kikundi cha WhatsApp, kila mtu huiona namba ya mwenzake. Msichana aliyeingia kusoma hesabu huanza kupigiwa simu usiku na watu asiowajua. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Namba ya mwanafunzi ni mali yake, naye asilazimishwe kuitandaza mbele ya mamia ya watu ili apate somo.

Basi twataka nini? Twataka mambo manne. Somo likiwekwa katika simu, chuo kitoe bando au kiweke mtandao wa kutosha, na yule aliyekosa apewe nakala ya karatasi. Mtihani wowote usitolewe usiku katika kikundi. Saa za mwalimu katika simu zihesabiwe kuwa saa za kazi. Na asiyetaka namba yake ionekane apewe njia nyingine ya kusoma.

Twawaomba ndugu wote wenye watoto vyuoni, na wale wanaosoma wenyewe, wachukue daftari mwezi huu. Andika kila shilingi ya bando iliyotumika kwa masomo, na tarehe yake. Ya muziki na mpira usiichanganye humo. Lete daftari hilo katika mkutano ujao wa tawi. Tutajumlisha pamoja, kisha tutaomba viongozi wetu wayapeleke madai haya mbele. Mwajiri hajapata kushindwa na manung'uniko, lakini hesabu iliyoandikwa vizuri humlazimu kuketi mezani.