Hisa za Jumuiya, Jina la Nani?

Kifungu kipya cha katiba ya jumuiya yetu kilichopitishwa mwezi uliopita, wengi wenu mkiwa hampo na wengine mkipiga kura kwa Zoom huku mmezima kamera, kinairuhusu kamati kununua hisa katika Soko la Hisa la Nairobi kwa fedha za akiba, na akaunti ya CDS, yaani ya kuhifadhia hisa, ifunguliwe kwa majina ya maofisa watatu “ili kuokoa muda”. Hatuna ugomvi na hisa, wala hatuwatilii shaka maofisa. Mweka hazina wetu hudai risiti hata ya maji ya kunywa. Ugomvi wetu ni hayo majina. Mwenye hisa ni yule aliyeandikwa kwenye rejesta. Gawio hulipwa yeye, amri ya kuuza huitoa yeye, na siku akifariki tutajikuta tukibishana na warithi wake. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1989, ikija kukagua itawakuta watu watatu. Jumuiya haitaiona popote.

Wapo wanaouliza mamlaka hiyo imemlinda nani. Wanataja Nyaga Stockbrokers, na wana haki ya kuitaja. Dalali yule alikuwa na leseni, na bado hisa za wateja ziliuzwa bila idhini yao, hadi kampuni ikawekwa chini ya msimamizi Machi 2008. Mfuko wa fidia ulikuwa na kikomo cha shilingi 50,000 kwa kila mwekezaji. Kwa aliyepoteza hisa za mamilioni, hiyo ni nauli. Mdhibiti alichelewa, na hatumtetei. Ila soma tena maneno hayo: kwa kila mwekezaji. Aliyedai alidai kwa jina lake na taarifa ya akaunti yake mkononi. Sisi, pamoja na wingi wetu wote, tusingehesabiwa hata kama mtu mmoja. Ikiwa mwenye leseni aliweza kufanya hayo, ni sababu gani ya kwenda sokoni bila hata haki ya kulalamika?

Tunaambiwa akaunti ya taasisi ina usumbufu: cheti cha usajili, azimio la mkutano lenye saini, nakala za pasipoti zilizothibitishwa. Ndiyo, ina usumbufu. Azimio hilo ndilo litakalomzuia ofisa yeyote kuuza peke yake usiku wa manane.

Ombi la mkutano maalumu liko kwa katibu. Katiba inataka saini za theluthi moja ya wanachama kabla kamati haijatuma fedha. Hadi tunakwenda mitamboni zilikuwa hazijatimia kumi.