Mcheza Kwao Hutunzwa, Haombewi Tu

Kuna namna moja ya kumtia moyo mwandishi Mkristo ambayo katika nchi yetu ya Nile Magharibi, tangu Arua hadi Koboko, imekuwa sumu, nasi twaona haya kuendelea kuinyamazia. Kijana huandika hadithi, utenzi au mchezo wa kuigiza, akaupeleka mswada wake kwa wakubwa wa kanisa. Wakubwa huupokea kwa heshima, humwombea mwandishi, humwambia kwamba Mungu amemjalia kipawa na kwamba asikate tamaa. Baada ya miezi kadhaa mswada hurudi jinsi ulivyokwenda: hauna alama ya kalamu, hauna ukurasa uliokunjwa, hauna hata tone la chai. Haukusomwa. Na mwandishi asiyesomwa, hata akiombewa asubuhi na jioni, ni sawa na mpiga ngoma aliyefungiwa ndani ya ghala.

Wahenga waliposema kwamba mcheza kwao hutunzwa, hawakukusudia pongezi za mdomo. Kutunza ni kutoa: mtu huinuka alipoketi, akaingia uwanjani, akambandika mchezaji noti kwenye paji la uso mbele ya watu wote. Twauliza basi: ni makanisa mangapi kati ya Arua na Koboko yaliyowahi kununua nakala kumi tu za kitabu kilichotungwa na muumini wao wenyewe? Harambee za mabati twazijua, na harambee za vyombo vya muziki twazisikia, tena twazisikia tukiwa mbali sana. Hatuzipingi, za mabati, angalau. Lakini harambee ya kumpigia chapa mtunzi bado hatujaalikwa.

Tumeambiwa, tena na watu tunaowaheshimu, ya kuwa utunzi si huduma. Injili, wasema, huenezwa kwa mdomo, na hadithi ni mambo ya dunia. Hoja hii yatushangaza inapotoka kwa mtu aliyeshika kitabu mkononi. Baruku aliandika yaliyotoka kinywani mwa Yeremia. Gombo likasomwa mbele ya mfalme Yehoyakimu, naye akalikata vipande kwa kisu na kuvitupa motoni. Kisha likaandikwa gombo jingine, na maneno mengi yakaongezwa. Hatusomi popote kwamba Baruku aliambiwa aache kalamu akahubiri sokoni. Paulo, akiwa kifungoni, aliomba aletewe joho lake na vitabu, hasa vile vya ngozi. Hata Tertio, aliyeandika kwa mkono wake waraka kwa Warumi, alipewa nafasi ya kutia salamu zake mwenyewe. Kanisa lililozaliwa na waandishi halina haki ya kuwaona waandishi wake kuwa wavivu waliokosa jembe.

Lakini liko jambo baya kuliko kutosomwa, nalo ni kusomwa na mtu mwenye hofu. Miaka kadhaa iliyopita ulipita mikononi mwetu mswada wa mama mmoja wa upande wa Koboko. Alieleza jinsi jamaa moja ilivyovuka mpaka kuingia Zaire katika ile fujo ya 1980, wakati vita viliporudi katika Nile Magharibi na maelfu ya watu wetu wakakimbilia huko na Sudani. Baba wa jamaa hiyo ni katekista. Amebeba daftari la ubatizo ndani ya gunia la mihogo. Njiani anamwacha mama yake mzazi, kipofu, chini ya mwembe, akiahidi kurudi, naye harudi. Ng'ambo anauza baiskeli ya kanisa apate chumvi na unga. Usiku anaomba, na hapati jibu. Kiswahili cha mswada kilikuwa na makosa ya upatanisho karibu kila ukurasa, nasi tuliyahesabu kwa furaha, maana hatujasoma kitu chenye uhai kama kile kutoka upande huu wa Nile.

Wazee wa kanisa lake waliusoma pia. Wakamwambia: katekista haibi baiskeli, mama kipofu aokolewe na msamaria, na maombi yajibiwe kabla ya sura kwisha, maana wasomaji wadhaifu watakwazwa. Mama yule ni mtu mtiifu. Alifanya yote aliyoagizwa, na hadithi ikafa. Kilichobaki ni mahubiri mafupi yenye majina ya watu, na mwenyewe alilijua hilo, kwa kuwa hakuandika tena.

Sasa tuwaulize wazee wale na wenzao wote: Daudi alimchukua mke wa Uria, kisha akamwua Uria, mbona hamkulifuta? Petro alimkana Bwana wake mara tatu kando ya moto. Mbona twalisoma kila mwaka? Zaburi zimejaa vilio vya watu wasiojibiwa. Ikiwa Biblia haikuona haya juu ya Petro, sisi tunamfichia nani katekista mmoja na baiskeli yake? Watu wa Nile Magharibi waliyaona mambo haya. Mwezi Juni 1981, waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa na wanajeshi pale pale walipotafuta hifadhi. Msomaji aliyezaliwa na kizazi hicho hakwazwi na ukweli. Hukwazwa aonapo kwamba kitabu cha Mkristo kimeogopa kusema alichokwisha kusimuliwa na bibi yake.

Pili, lugha. Mara tu mtunzi wa Arua aandikapo kwa Kiswahili, huambiwa kuwa hiyo ni lugha ya wanajeshi, au kwamba ni lugha ya Waislamu, na kwamba Mkristo angefanya vema kuandika kwa Kiingereza au kwa Kilugbara. Kwa Kilugbara na aandike, nasi tutafurahi. Biblia nzima ya lugha hiyo ilichapishwa mwaka 1966 na imezaa matunda. Tunachokataa ni shutuma. Wamisionari wa Africa Inland Mission walipofika Arua mwaka 1918 walitumia Kibangala katika kufundisha. Na Kibangala kilienezwa na nani kama si askari wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeitawala nchi hii ilipokuwa sehemu ya Lado hadi mwaka 1910? Lugha ya askari ilibatizwa Arua zamani, wala hakuna aliyedai kwamba Roho Mtakatifu aliikimbia.

Na hayo ya Uislamu? Ni kweli kwamba Askofu Tucker wa Uganda hakukitaka Kiswahili kwa sababu alikiona kiko karibu mno na Uislamu. Lakini kabla yake, wamisionari waliofika Buganda mwaka 1877 walianza kufundisha kwa Kiswahili, na wasomaji wa kwanza katika jumba la Kabaka Mutesa walisoma maneno ya Injili kwa Kiswahili kabla hayajatafsiriwa kwa Kiganda. Huko Unguja, Askofu Steere hakuogopa maneno dhambi, imani, sala na roho ati kwa kuwa asili yake ni Kiarabu. Aliyaweka katika Agano Jipya lililotoka mwaka 1883, na mpaka leo Mkristo huungama dhambi zake kwa maneno hayo hayo bila kuuliza pasipoti yake. Naye Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, Mkatoliki ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, aliichukua bahari ya utenzi iliyokuzwa na Waislamu wa pwani akaitungia Injili. Washairi Waislamu hawakumfukuza. Alikaa nao katika chama cha UKUTA, tena kama kiongozi. Mlugbara au Mkakwa aambiwaye kwamba Kiswahili ni cha watu wa pwani na amtazame Mgogo huyu, aliyezaliwa mbali sana na harufu ya bahari.

Hapa twataka kugusa donda ambalo wengi hulipita upande. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Amin alikuwa mtu wa Koboko. Mwezi Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala huo. Aliyemrithi mwaka huo huo alikuwa Silvanus Wani, aliyekuwa Askofu wa Madi na Nile Magharibi, Mkakwa, wa kabila moja na Amin. Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa zima kwa kumbukumbu ya Luwum, nasi twaiadhimisha pamoja na wenzetu. Lakini ni nani atakayeandika habari za Mkristo wa Koboko katika miaka ile, aliyemlilia askofu wake kwa siri huku jirani zake wa kusini wakimhesabu kuwa mmoja wa wauaji kwa sababu ya lafudhi yake tu? Aliyeimba kanisani kwa Kikakwa, akaulizwa kwa Kiswahili kwenye kizuizi cha barabarani, na baada ya 1979 akafukuzwa kwa Kiswahili hicho hicho? Habari hii haiwezi kuandikwa Kampala. Ikiandikwa bila Kiswahili itakosa sauti yake, maana amri na vitisho vya siku zile havikutolewa kwa Kiingereza. Kuliosha neno lililotumiwa kutishia watu ni kazi ya mtunzi, na Mkristo awe wa kwanza kuitaka.

Tukisema hayo hatuwaachi waandishi wenyewe waondoke bila viboko. Wapo wanaoleta mahubiri waliyoyanakili kutoka vitabu vya Marekani, pamoja na theluji yake. Wapo ambao mlevi wao huokoka ukurasa wa mwisho kwa sababu karatasi imekwisha. Na wapo, hawa ndio wazito kuliko wote, wasiokubali kusahihishwa kwa kuwa, wasema, ni Roho aliyewaandikisha. Luka hakusema hivyo. Mwanzoni mwa Injili yake alimweleza Theofilo kwamba amejitafutia usahihi wa mambo yote tangu chanzo, ndipo akayaandika kwa taratibu. Ikiwa Luka alifanya uchunguzi, wewe wa Arua ni nani hata ukatae kutofautisha “kitu changu” na “kitu yangu”? Ingawa, hata hapo, mwalimu awe na kiasi. Muuza simsim katika soko la Koboko aseme kama asemavyo sokoni; tusimvishe kanzu ya Mombasa. Sarufi sanifu imlazimu msimulizi, si kila mhusika.

Nao walimu wenzetu hawana udhuru. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Tulishangilia, kisha tukarudi darasani kuwasomesha watoto habari za ngalawa na minazi kutoka vitabu vya Nairobi na Dar es Salaam, watoto ambao wameuona mlima Liru na mto Enyau, ambao baba zao walilima tumbaku, na ambao wanakaa dawati moja na wakimbizi wa Kongo na Sudani Kusini. Mtoto wa Lobule anayekisikia Kiswahili kila siku ya soko hana hadithi hata moja ya Kiswahili yenye jina la kijiji chake. Ikiwa parokia na madayosisi yetu, ambayo ndiyo yenye shule nyingi, hayaoni kwamba pengo hili ni lao, basi wasilalamike litakapojazwa na wengine.

Wachungaji na mapadre twawaomba jambo dogo na la gharama ndogo: meza moja mlangoni siku ya Jumapili, kando ya kapu la sadaka, iwekwe vijitabu vya watunzi wa mahali pale, na mchungaji mwenyewe awe mnunuzi wa kwanza mbele ya watu. Wazee wa kanisa wakitaka kusoma mswada, wausome wote, na makosa ya imani wayaoneshe kwa maandishi, ukurasa kwa ukurasa, ili mwandishi apate kujibu. Na waandishi walete kazi zao kwetu. Zinakiliwe upande mmoja tu wa karatasi, na nafasi ya kutosha iachwe pembeni, kwa maana kalamu yetu ni nyekundu na haina huruma. Na yule mama wa Koboko, kama bado ameitunza ile nakala ya kwanza, ailete hiyo, siyo ya pili.