Kitufe kimoja si herufi moja

Katika Kilokele, lugha ya wakazi wa mtoni kutoka Kisangani kuelekea Yanonge na Isangi, lisaka ni dimbwi, lisaká ni ahadi, na lisáká ni sumu. Toni peke yake ndiyo inayotenganisha maneno haya. Hata hivyo, tasnifu zetu nyingi huandika mifano ya lugha zetu bila toni.

Wengi huilaumu kibodi ya AZERTY. Ni kweli kwamba iliundwa kwa ajili ya Kifaransa na haina ɛ wala ɔ, lakini mpangilio wa vitufe hubadilishwa kwa programu ndogo. Kwa maoni yangu, kasoro kubwa zaidi imo katika msimbo wa programu za kuandikia, mahali panapopokea vitufe.

Mtunzi wa programu akidhani kwamba kila kitufe ni herufi moja, Kifaransa hakitamsumbua sana: é ina kitufe chake, na katika Unicode ina namba moja. Lakini ɔ́ haina namba yake. Huundwa kwa mbili: U+0254 ya herufi na U+0301 ya toni. Tena huenda mwandishi akabonyeza vitufe viwili au vitatu kabla herufi haijatokea. Programu inayosikiliza vitufe tu huweza kuitupa toni, au kuruhusu kishale kiingie kati ya herufi na alama yake. Inapaswa kungoja maandishi yaliyokamilika, kisha kuihesabu ɔ́ kuwa herufi moja.

Wapo wasemao kwamba muktadha unatosha. John Carrington, mmisionari wa Yakusu, alionyesha katika Talking Drums of Africa (1949) kwamba ngoma ya Walokele hubeba toni bila herufi. Kwa hiyo mpigaji hurefusha neno moja liwe sentensi nzima ili aeleweke. Sisi tunabeba herufi bila toni, wala hatuongezi chochote.

Watunzi wa programu hizo hawakijui Kilokele; miongoni mwetu wapo wanaokijua. Kitivo kiandae orodha fupi ya maneno yenye ɛ́ na ɔ́. Kila mwanafunzi aijaribu katika programu yake kabla ya kuanza tasnifu, na kasoro atakayoiona awaandikie watunzi. Nao walimu wasipokee mfano usio na toni.