Dari si Paa: Funzo la Istilahi Kutoka Tarakilishi Kongwe

Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa. Istilahi nazo huundwa, na muundaji asiyekijua chombo hukizamisha. Makala haya yanashikilia kwamba istilahi isiyotanguliwa na maarifa ya kitu inachokirejelea hupotosha badala ya kufafanua. Nitatoa mfano mmoja tu, tena wa kizamani.

Mwalimu wangu mmoja mstaafu angali na tarakilishi ya miaka ya 1990 inayotumia mfumo wa MS-DOS. Humo alihifadhi mashairi yake ya ujanani. Kila alipojaribu kuifungua programu ya kuandikia, alijibiwa kuwa kumbukumbu haitoshi. Ajabu ni kwamba tarakilishi hiyo ina kumbukumbu ya megabaiti 8, ilhali programu yenyewe haihitaji hata megabaiti moja. Kulikoni?

Chanzo ni cha mwaka 1981, IBM ilipotoa tarakilishi yake ya kibinafsi. Prosesa yake, 8088, iliweza kufikia kilobaiti 1024 pekee. Kilobaiti 640 za chini zilitengewa mfumo na programu. 384 zilizosalia zikatengewa skrini na vifaa vingine. Tarakilishi za baadaye ziliongezewa kumbukumbu, lakini DOS ilibaki na mpaka ule ule. Viendeshi, yaani programu ndogo zinazoiwezesha tarakilishi kuwasiliana na kipanya au kisoma-diski, vilijazana katika zile 640 hata programu kubwa zikakosa pa kukaa.

Dawa ilikuja na MS-DOS 5 mwaka 1991, kwa tarakilishi zenye prosesa ya 80386 na zilizoifuata. Katika faili ya CONFIG.SYS, tuliita kwanza HIMEM.SYS, inayosimamia kumbukumbu iliyo juu ya megabaiti moja. Tukafuatisha EMM386.EXE, inayojaza kumbukumbu katika mapengo yasiyotumika ya zile 384. Kisha tukaandika DOS=HIGH,UMB, na mwishowe, kwa kila kiendeshi, tukabadilisha DEVICE ikawa DEVICEHIGH. Tulipoiwasha upya, programu ilifunguka, na Mwalimu akasoma beti zake kwa sauti.

Hapo ndipo hoja yangu inapochipuka. Katika DOS=HIGH, neno HIGH larejelea eneo la takriban kilobaiti 64 lililo juu tu ya megabaiti ya kwanza. Katika DEVICEHIGH, neno lilo hilo larejelea mapengo yaliyo chini ya mpaka huo. Kiingereza chenyewe kimejikanganya! Mfasiri atakayeyaita yote mawili 'kumbukumbu ya juu' atakuwa amerithi kosa la jirani na kuliita lake.

Kiswahili kina uwezo wa kutenganisha. Tuchukulie megabaiti ya kwanza kuwa nyumba. Kilobaiti 640 ni ukumbi wanamokaa wenyeji. Zile 384 ni dari, tunapoweka vyombo ili ukumbi upate nafasi. Eneo lililovuka mpaka ni paa. Hivyo napendekeza 'kumbukumbu ya darini' na 'kumbukumbu ya paani'. Msomaji hatahitaji kuelezwa kwamba dari si paa.

Huenda msomaji akauliza, ya nini kuhangaikia mitambo iliyopitwa na wakati? Mazoea ni yale yale hata leo. Baadhi yetu hulitumia neno 'kiendeshi' kwa programu niliyoieleza na pia kwa chombo kinachosoma diski. Mwanafunzi atakayeambiwa kiendeshi chake kimeharibika atakimbilia duka la vifaa au atapakua programu? Istilahi yetu haimsaidii kujua.

Wanafunzi wenzangu, kabla ya kufungua kamusi, tufungue kwanza kifaa. Tuketi na wenzetu wa sayansi ya tarakilishi, tuulize, tuguse, tukosee, kisha ndipo tuunde neno. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mtaka cha darini, bila shaka, sharti apande ngazi.