APIMWE ILI AFUNDISHWE

Kila Januari mwalimu wa Darasa la Kwanza hupokea umati wa watoto. Mmoja amekaa mwaka mzima katika darasa la awali, na aweza kuhesabu hata ishirini. Wa pili ametoka moja kwa moja machungani, wala kalamu hajapata kuishika. Wa tatu nyumbani kwao husemwa Kisukuma au Kimasai tu, na Kiswahili cha mwalimu hakimwingii. Wote watatu hupewa somo moja, na miezi hupita kabla mwalimu hajajua nani ni nani.

Tangu Januari 2016, michango ya lazima ilipoondolewa, umati huo umekuwa mkubwa zaidi. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kumwandikisha mtoto si sawa na kumfundisha. Upimaji wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu wa Darasa la Pili hutuonyesha nani ameachwa nyuma, naye amekwisha kuachwa karibu miaka miwili. Huko ni kumpima mgonjwa siku ya kumtoa hospitali.

Kwa hiyo twasema: mtoto na apimwe mlangoni, katika wiki zile za kwanza.

Wazee wetu watashtuka kusikia habari hii, na wana haki. Enzi ya ukoloni mtihani ulikuwa chekeche. Watoto wa Kiafrika walichujwa Darasa la Nne. Wachache wakapanda shule ya kati, wengi wakarudi nyumbani wangali wadogo. Tena shule zilitengwa kwa rangi, na utengano huo ukaondolewa mwaka 1962, baada ya Uhuru. Hatukupigania Uhuru ili chekeche lile lihamishwe Darasa la Nne likawekwe Darasa la Kwanza.

Natutazame waliotangulia katika jambo hili. Huko England, mwaka 2015, shule ziliachiwa kuchagua kati ya vipimo vitatu. Mwaka 2016 ikaonekana matokeo yake hayalinganiki, mpango ukaachwa. Tangu Septemba 2021 kipo kipimo kimoja cha lazima. Katika wiki sita za kwanza mwalimu huketi na mtoto mmoja mmoja, yapata dakika 20, akimwuliza mambo ya lugha na hesabu. Kuketi huko ni kwema. Lakini alama hubaki serikalini. Mzazi hapewi, na mwalimu hupata maelezo machache tu. Nia yake ni kuzilinganisha na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ambao watoto wa 2021 wataufikia mwaka 2028, ili ijulikane shule imefanya kazi gani. Yaani inayopimwa ni shule, na mtoto amefanywa rula.

Sisi tuchukue lililo jema, tuache lisilotufaa. Twataka mambo manne. Kwanza, mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya kipimo hiki. Pili, asiyejua Kiswahili aulizwe kwa lugha ya mama yake, asije akahesabiwa mjinga kwa kuwa hakuelewa swali. Tatu, majibu yakae kwa mwalimu na mzazi, yatumike kesho yake asubuhi. Yasibandikwe ukutani, wala watoto wasipangwe wa kwanza hadi wa mwisho. Nne, mzazi asitozwe hata senti.

Wako watakaosema kazi hii ni nzito. Ni kweli. Dakika 20 kwa watoto 100 ni zaidi ya saa 33, na mwalimu aliye peke yake hawezi kuziacha roho nyingine zote zikimngoja. Basi Serikali impe msaidizi katika wiki hizo. Vifaa havina gharama: vizibo vya soda vya kuhesabia, kitabu cha picha, na mwalimu mwenye subira.

Nanyi wanachama, msingoje waraka. Kila tawi lijue watoto wake waliofikia umri, liwahimize wazazi kuwapeleka darasa la awali, na Januari liulize shuleni: huyu wetu mmemkuta anajua nini, na mwamsaidiaje?

Tulipotangaza vita juu ya ujinga hatukusema tutapigania watoto hodari peke yao. Mtoto wa machungani naye ni wa Taifa.